Ufito wa Verdell na Watu wa Tull

Jumamosi ile asubuhi Verdell Mabry alikuwa kwenye kibanda chake kando ya gati, na rili ya binamu yake Cleon, ile mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya taulo. Alikuwa akisugua gia kwa mswaki mkuukuu. Nje, wavuvi wa samaki aina ya besi walikuwa wanashusha mashua zao kwenye Bwawa la Tull, mmoja akimsubiri mwenzake, na harufu ya nyama ya nguruwe ilitoka kwenye mkahawa wa jirani.

"Cleon, hii grisi ulitoa wapi?"

"Jikoni."

"Ndiyo maana inanuka kuku."

"Samaki wanapenda kuku."

"Samaki hawali rili, Cleon."

Binamu mtu alicheka. Alikuwa mnene, mpole, na hakuwahi kununa akikosolewa, ndiyo sababu Verdell alivua naye miaka yote ile. Verdell aliifuta gia mpaka ikang'aa, akapaka grisi ya kweli kwenye meno yake, akadondosha mafuta kwenye beringi, tone tu, kisha akafunga kila kitu na kulegeza breki inayouzuia mshipi.

"Usiweke rili ndani breki ikiwa imekazwa," alimwambia. "Hata wewe ukilala umekabwa koo, asubuhi hufai kitu."

Upande ule wa Alabama hakukuwa na mwanamke wala mwanamume wa kumfikia Verdell kwa kuchagua ufito wa kuvulia. Watu walivuka mpaka kutoka Georgia kuja kumwonyesha viganja vyao. Alimtazama mtu kifundo cha mkono, akamuuliza anavua wapi. Anayevua kwenye magugu mazito alimpa ufito mgumu wa kumng'oa besi kabla hajajisokota majanini. Anayevua maji meupe alimpa wenye ncha laini, samaki asishtuke. Mwisho alimtaka ashike mpini, na yeye mwenyewe akaigusisha ncha kooni mwake na kuguna. Mteja asipoisikia sauti yake mkononi, ufito ulirudishwa ukutani. "Huo ni mti wa kuanikia nguo," alisema.

Ufito wake mwenyewe aliutengeneza majira ya baridi yaliyopita. Ulikuwa mwembamba kama unyasi, wa nyuzi za kaboni, na pete za kupitishia mshipi alizifunga kwa uzi mwekundu akiwa amefumba jicho moja, hadi zikasimama mstari mmoja kama waumini kwenye benchi. Ulikuwa mzuri kupita vyote alivyowahi kutengeneza. Chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi, ikigusa tope, kiganja kilisikia uji. Ikigusa kokoto, kilisikia meno ya mtu mwenye baridi.

Mchana wa Jumamosi ileile, yeye na Cleon wakiwa katikati ya bwawa, chubwi ilitua juu ya kitu kigumu, ikateleza kidogo, ikatulia. Kiganjani, kupitia ufito, Verdell akasikia watu wanaimba.

Alisikiliza mpaka ubeti ukaisha. Akakunja mshipi taratibu.

"Umepata?" Cleon aliuliza.

"Kanisa," Verdell alisema. "Twende nyumbani nikamwambie Mama."

Chini ya maji yale kulikuwa na kijiji cha Tull. Mama yake Verdell, ambaye kila mtu alimwita Mama Ottie, alizaliwa huko. Alikuwa msichana mkubwa kampuni ya umeme ilipojenga ukuta wa bwawa na kuwahamisha watu. Kampuni ilisema na makaburi pia yamehamishwa, na kweli kwenye kilima kando ya bwawa palikuwa na mawe yote ya makaburi ya Tull, yamepangwa vizuri juu ya nyasi. Lakini Mama Ottie hakuwa na hakika, na tangu siku hiyo hakuwahi kutia hata kidole kwenye bwawa. Samaki wa mle hakuwala. Verdell alipoanza kuvua, akiwa msichana, mama yake alimwambia neno moja ambalo hakulirudia wala kulifuta: "Unavua juu ya vichwa vya watu." Wakaishi na neno hilo kati yao kama wanavyoishi watu na kabati lililo njiani. Walilizunguka tu.

Verdell alimkuta barazani anamenya maharage.

"Mama, wako chini. Nimewasikia."

Mama Ottie aliendelea kumenya. "Wanaimba nini?"

Verdell akamwimbia kidogo.

"Anayeongoza ni mtu mzima au mtoto?"

"Mtoto. Anawakimbiza wenzake."

"Huyo ni Lorene," Mama Ottie alisema. "Ndivyo alivyo. Aliharakisha kila kitu." Akaweka bakuli chini, akaingia ndani kutafuta kofia yake ya kanisani.

Lorene alikuwa dada yake mkubwa. Homa ilimchukua akiwa na miaka saba, Ottie akiwa na minne.

Wakarudi bwawani, Cleon akiendesha mashua polepole ili kofia isipeperuke. Verdell alikuwa ametoa ndoano na kubakisha chubwi peke yake. Alirusha, mshipi ukashuka, akamkabidhi mama yake ufito na kumwonyesha namna ya kuuegemeza mpini kwenye taya. Yeye mwenyewe aliweka vidole viwili juu ya rili, hivyo akasikia yote.

"Nani huyo?" sauti iliuliza.

"Ni mimi, Ottie."

"Muongo. Ottie ni mdogo. Wewe una sauti ya bibi."

"Nimekuwa bibi, dada."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna aliyeniuliza," Mama Ottie alisema. "Hawakukuhamisha, dada?"

"Walichukua mawe. Walikuja wanaume na lori. Mzee Pettway, mwenzetu wa huku chini, aliwaambia, 'Na sisi je?' Hawakumsikia. Hawakuwa na ufito."

"Una baridi?"

"Tumezoea. Samaki wanaingia dirishani wakati wa ibada. Kuna mmoja mkubwa, haimbi, lakini anakaa mpaka mwisho. Ottie, mwanasesere wangu yuko wapi?"

"Alipotea tulipohama."

"Ulimpoteza wewe."

"Nilimpoteza mimi."

"Basi umtafute," Lorene alisema, kisha akaitwa kwenye wimbo.

Mama Ottie hakulia mashuani. Alilia jioni, akikata bamia. Maisha yake yote alikuwa amepanda kilima kile kupalilia jiwe la dada yake, na shimo la kuzikwa yeye mwenyewe alishajichagulia pembeni yake. Verdell alimpokonya kisu kwa upole, akaendelea kukata.

"Nimekukasirikia bure," mama alisema.

"Si bure, Mama. Nilikuwa vichwani mwao kweli."

"Basi rudi vichwani mwao. Na mimi unichukue."

Habari ilienea kanisani Jumapili, baada ya matangazo ya mlo wa kina mama. Wenye asili ya Tull wakaanza kuja gatini, mmoja akimtafuta mumewe aliye chini, mwingine bibi ambaye hakuwahi kumwona. Verdell aliwapokea kama wateja wengine, yaani kwa kuwatazama vifundo vya mikono. Aligundua mambo yasiyofahamika na mtu yeyote kabla yake. Mshipi wa nailoni unavutika, kwa hiyo unameza mwisho wa maneno, na wazee wawili walikaribia kugombana na marehemu baba yao kwa ajili hiyo. Mshipi wa kusukwa ulileta maneno safi, hata pumzi. Rili yenye gia za kasi ilichanganya mazungumzo, jibu likafika kabla ya swali, kwa hiyo alichukua za polepole. Kwa watu wenye sauti nzito alitumia ufito mrefu. Kila jioni alisuuza fito zote kwa maji safi, akapitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pale pana ufa, na ufa mdogo hukata mshipi mtu akiwa katikati ya kuomba msamaha. Msimu wote hakukatika hata mmoja. Cleon aliwaambia watu kwa majivuno kwamba binamu yake angeweza kuvua mawazo ndani ya kikombe cha chai.

"Usinitangaze, Cleon. Kunja mshipi vizuri, umeulaza kama tambi."

Mama Ottie alijifunza kurusha mwenyewe. Mwanzoni rili ilimfanyia kiota cha ndege, mshipi ukajifunga fundo juu ya fundo, na Verdell alikaa kuufungua kwa ncha ya sindano. Baadaye Verdell alikaza kidogo skrubu ya kuzuia ngoma ya mshipi isikimbie, akamfundisha kuigusa kwa dole gumba kabla chubwi haijapiga maji. Bibi mwenye kofia ya kanisani akawa anatuliza chubwi mbele ya mlango wa kanisa la Tull kwa namna iliyowafanya wavuvi wa mashindano wazime injini zao ili watazame. Verdell hakumsifu. Alimtengenezea ufito wake, mwepesi, wenye uzi wa rangi ya zambarau.

Wenye asili ya Tull walipokuwa tayari, walimwita mtu wa kampuni ya umeme. Alikuja Bwana Whitlow, mtu mwenye adabu, akavua viatu vyake kabla ya kupanda mashua ili asiichafue. Alishika ufito kama alivyoelekezwa. Kutoka chini, Mzee Pettway alimuuliza maji yataondoka lini.

Bwana Whitlow alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, nimekusikia," alisema kwenye mpini. "Ni jambo la kuangaliwa."

"Ndivyo alivyosema yule wa lori," Mzee Pettway alijibu.

Mama Ottie hakutaka kuzunguka. "Sisi tunaomba mtuletee watu wetu juu."

"Mama, ili kuwatoa ni lazima tushushe maji," Bwana Whitlow alisema. "Kuna nyumba za watu ufukweni. Kuna umeme. Kuna mashindano ya besi kila mwaka. Siwezi kukudanganya."

"Lakini umesikia mwenyewe kwamba kilimani hakuna mtu."

"Nimesikia, mama. Ufito huu ni wa ajabu kweli," akamwambia Verdell, na alisema hivyo kwa dhati. Aliuliza kama anaweza kumtengenezea mmoja wa kuvulia. Verdell akamwambia mikono yake haisikii.

Baada ya hapo kampuni ilileta boya la njano, likawekwa juu ya kanisa, likiwa na maandishi kwamba hairuhusiwi kutia nanga. Verdell hakuwa na haja ya nanga. Cleon alijua kuishikilia mashua mahali pamoja kwa injini ndogo ya umeme, hata upepo ukivuma. Boya likawasaidia kupaona mahali wakitokea mbali.

Mwezi wa Mei kampuni ilifanya kumbukumbu ya watu wa Tull, kama ilivyofanya kila mwaka. Mwaka huo waliongeza hema na bendi ya shule. Mama Ottie alialikwa kukaa mbele. Alivaa kofia yake, akamwambia Cleon awashe mashua.

Maji yalikuwa tulivu kama sahani. Kutoka kwenye boya waliweza kuliona hema kilimani, na watu wakipita kati ya mawe. Tarumbeta zilifika hadi majini. Mama Ottie alirusha, akagusa ngoma kwa dole gumba, chubwi ikazama bila kutoa sauti.

"Kelele gani hizo huko juu?" Lorene aliuliza.

"Ni bendi. Wanaweka maua."

"Wanamwekea nani?"

Mama Ottie alitazama kilimani. Mwanamume mmoja mwenye suti alikuwa ameinama mbele ya jiwe la safu ya kwanza.

"Wewe, dada. Sasa hivi wanakuwekea wewe."

Lorene alianza kucheka. Alicheka kicheko cha mtoto wa miaka saba, akawaita wengine, akawaeleza, na wao wakacheka, kanisa zima. Ufito wa zambarau ukainama mpaka ncha yake ikagusa maji.

"Mpe mshipi, Mama," Verdell alisema. Akanyoosha mkono, akalegeza breki.