Kufuli la Kabati la Madam Elieth

Waliomwita Vestina mwizi Jumapili ile ni wasichana wale wale aliokuwa akiwafungulia tranka zao kwa miaka minne, bila kuwadai hata ndizi mbivu moja. Mtu asiyekujua akikutukana, unapangusa na kupita. Hawa walimjua.

Vestina alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni ya wasichana, juu ya mlima unaotazama mji wa Muleba. Alikuwa na starehe moja iliyowachekesha wenzake: kufungua makufuli bila ufunguo. Wajane wa umri wake hufuma vitambaa vya meza. Yeye akienda Bukoba lazima apite sokoni kwa wauza vyuma chakavu, arudi na mfuko wa makufuli yaliyopoteza funguo. Jioni huketi mlangoni kwake na vyuma viwili vyembamba alivyochonga kutoka spoku ya baiskeli, vidole vikisikiliza mpaka kufuli lilegee. Likishafunguka, analifunga tena na kuanza upya. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba ameoa jambazi asiye na ujasiri.

Zamani msichana akipoteza ufunguo wa tranka, kufuli lilikatwa kwa msumeno na mzazi akanunua jingine. Vestina aliiondoa adha hiyo, lakini kwa masharti. Mwenye tranka awepo, aweke mkono juu ya kifuniko, ataje jina lake kwa sauti. Kufuli likilegea, Vestina anamgeuzia mgongo kabla kifuniko hakijainuka, kwa sababu kilichomo ndani si chake. Wasichana walimcheka kwa hilo, tena wakampendea hilo hilo.

Mwaka uliopita Wilbert, fundi wa maabara, alimwomba amfundishe. Vestina alimpasulia tunda la kahawa kavu, ile akamwani ya kutafuna, mbegu moja akala yeye, ya pili akampa Wilbert, kama wazee walivyofanya walipofunga undugu. Walikula kiapo kimoja: usifungue lisilo lako, wala la mtu ambaye hajakuruhusu. Wilbert alitafuna na kumeza. Alikuwa na mikono myepesi, ingawa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto.

Basi Ijumaa moja mkuu wa shule, Madam Elieth, alimwita Vestina ofisini. Alikuwa amesikia kwamba kuna msichana wa kidato cha tatu anayeficha simu. Alitaka tranka zote za bweni lile zifunguliwe Jumapili, wasichana wakiwa misani. Vestina alijibu kwamba wenyewe wakiwepo atafungua hata mia. Madam akasema tranka ikishapita getini ni mali ya shule. Vestina akamuuliza kama na wao wafanyakazi wakishapita getini huwa mali ya shule. Akaambiwa arudi kwenye maharage yake.

Jumapili alikwenda misani, si kwenye kanisa dogo la shule bali mjini, akakaa benchi la mbele. Aliporudi alikuta bweni linawaka moto wa maneno. Tranka zilikuwa zimefunguliwa, zikapekuliwa, zikafungwa tena vizuri bila kufuli hata moja kuvunjika. Simu haikuonekana. Vilivyochukuliwa ni makopo mawili ya senene wa kukaanga, barua, kioo, daftari la siri la mtu, na chupa ndogo ya vidonge isiyo na karatasi ya jina. Byarugaba, mlinzi, ndiye aliyeona vyote vikitiwa ndani ya kabati la chuma ofisini. Madam alikuwa tayari yuko njiani kwenda Bukoba kwenye mkutano wa siku tatu, ufunguo wa kabati umo mkobani mwake.

Na kwa walivyojua wasichana, nani mwingine shuleni pale anafungua bila kuvunja? Vestina alipoingia bwenini, walimpisha njia kama mgeni. Kemilembe wa kidato cha tatu, binti mpole wa Kishanda aliyemwamkia kila asubuhi, leo hakumwamkia.

"Leo ulisahau kugeuka, Ma Vestina," alisema.

Vestina alihisi uso unamchoma. Hakujitetea, maana aliona kwamba maneno matupu yasingemsaidia kitu. Aliomba ruhusa ya kutazama kufuli la Kemilembe, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya tundu la ufunguo mlikuwa na mikwaruzo mipya, yote imelalia upande mmoja, upande ambao mkono wa kulia haukwaruzi.

Alimkuta Wilbert anaosha pikipiki yake nyuma ya maabara, anapiga mluzi. Mluzi ndio uliomtibua zaidi.

"Tulikula kahawa, Wilbert."

Wilbert hakukana. Alisema yeye hajavunja kiapo chochote, mwenye mali alimruhusu. Mwenye mali ni shule, na shule ni Madam. Tena alikuwa ameahidiwa kupelekwa masomoni mwakani, na yeye si mtu wa kuchezea bahati.

"Kwenye tranka ile ulitajiwa jina la nani?" Vestina aliuliza. "Nani aliweka mkono juu ya kifuniko?"

Wilbert alichovya tambara kwenye ndoo. Vestina akamtaka aende bwenini aseme kwa kinywa chake ni nani aliyefungua. Akasema hawezi, wasichana watamdharau. Fikiria mtu huyo: heshima yake aitunze, ya mama wa watu iliwe na mchwa.

Saa kumi jioni Kemilembe alikuja stoo peke yake. Macho yalikuwa mekundu. Alisema chupa ile ni yake. Ni dawa za kufubaza virusi alivyozaliwa navyo, anameza kila siku saa mbili usiku, na hajawahi kuruka hata siku moja tangu akiwa mdogo. Shuleni hakuna anayejua. Kliniki yake iko Bukoba, na Jumapili imefungwa.

"Kama ni wewe uliyefungua tranka yangu, basi fungua na kabati," alisema. "Sina mtu mwingine wa kumwambia."

Hasira ya Vestina ilipanda mpaka akashika ukingo wa meza. Alimpigia Madam simu. Alimwambia tu kwamba kabatini mna dawa ya mtu, na mtu huyo anaihitaji leo. Madam akajibu kwamba mwenye dawa atajitaja Jumatano mbele ya kamati ya nidhamu. Vestina akaomba ruhusa ya kufungua kabati mbele ya mashahidi. Madam akakataa, akakata simu.

Kufuli la kabati lile Vestina alilijua. Ni la bei rahisi, angelifungua kabla hajamaliza Salamu Maria moja. Aliingia nyumbani kwake, akazitazama spoku zake mezani, akaziacha pale pale. Alichukua nyundo.

Alipiga kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa uani, mpaka wasichana wote wakajaa mbele ya ofisi. Byarugaba, ambaye huifungua ofisi kwa ajili ya usafi, aliufungua mlango. Wilbert naye alisogea, akamnong'oneza kwamba nyundo ni wazimu. Afungue taratibu, dawa itoke, kufuli lifungwe tena, na Madam hatajua kamwe.

"Ndiyo maana sitaki," Vestina alisema, safari hii kwa sauti ya wote kusikia. "Madam amenikatalia, na mimi navunja. Ninayevunja naitwa Vestina. Wa kufungua na kufunga kimya kimya ni wewe, Wilbert, na leo asubuhi umefanya hivyo kwenye tranka arobaini."

Wilbert alitazama viatu vyake.

Alipiga mara nne. Pigo la nne kufuli lilidondoka sakafuni limepasuka. Akaliokota, akaliweka katikati ya meza ya Madam juu ya karatasi aliyoandika jina lake, saa, na neno moja: Nimevunja. Jumatano angefukuzwa kazi, hilo alilijua, na moyo ulimuuma kwa ajili ya stoo yake.

Kisha akawaambia wote waliochukuliwa vitu waingie mmoja mmoja, kila mtu achukue chake. Yeye akaelekeza uso ukutani. Alisikia kopo la senene likigongana na mlango wa kabati, karatasi zikikunjwa, mtu akivuta makamasi. Nyayo ziliingia na kutoka, na hakujua ni za nani wala zimebeba nini.

Mwishowe ofisi ikatulia. Akaendelea kusimama vile vile.

"Nimeshachukua, Ma Vestina," sauti ya Kemilembe ilisema nyuma yake. "Geuka tu."