Mruko wa Namba Saba

Profesa Diederik Maes ameandika vitabu vitatu juu ya mruko wa mijusi, na kumshika mjusi hajui. Mimi ndiye ninayewalisha mijusi hao mende hapa maabara, Antwerp, mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo najua ninachosema.

Walipokuja watu wa televisheni, akataka aonekane yeye. Kabla kamera hazijawashwa akamdaka mjusi namba saba kwa mkia. Mkia ukamkatikia mkononi, ukawa unacheza peke yake, naye kautumbulia macho.

"Huyo mpumzishe," nikamwambia.

"Godelieve, wewe lisha mende wako." Akamweka mjusi kwenye bamba la kupimia nguvu ya miguu.

Miguu ya nyuma ilisukuma vizuri tu, lakini hewani mkia ndio unaomweka mjusi sawa, na huyu hana. Akapinduka kinyumenyume, akaangukia mgongo. Profesa akapiga makofi. Ati ni mbinu mpya, ati ukoo huu umejifunza kupiga sarakasi ili kuwakwepa ndege. Kweli kusoma si kuelimika.

Upuuzi huo akaulazimisha uingie kwenye tasnifu ya Veerle, mwanafunzi wake wa udaktari. Veerle alikataa wiki nzima. Profesa akasema bila sarakasi hapati sahihi yake. Miaka minne ya binti wa watu ingekwenda na maji, basi akaandika.

Siku ya kuitetea, ukumbi ulijaa. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, na nje glasi za sherehe zilishapangwa. Mtahini kutoka Uholanzi akauliza, "Huyu namba saba, mbona kwenye picha simwoni mkia?"

Maes akadakia hata aibu hana. "Veerle ndiye aliyemshika. Kumbe alimkata mkia, akanificha."

Binti akabadilika rangi. Akanigeukia mimi. "Godelieve alikuwepo. Godelieve, waambie nani alimshika."

Ukumbi mzima ukanitazama. Mkataba wangu Maes huutia sahihi kila Januari.

"Siku zimepita," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Watahini wakamwangusha. Mama yake akamfunika koti, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Glasi zilikuwa zimeshajazwa, watu wakanywa. Hakuna aliyesimama karibu nami, isipokuwa Maes. Akanijazia yangu mpaka juu, akanishika bega.

"Karibu, mwenzangu," akasema.