Swali la Wanza Matangani

Nakutega, mjukuu wangu: nini hupita ukutani na tundu hakuna? Ni kilio. Ndivyo tulivyojua, hapa mtaani petu Ndia Kuu, kuwa jirani yetu Wanza amefiwa na mwanawe mchanga.

Babu yako, Maalim Jaffar, hakosi jibu la dini, basi tukaenda kuhani matanga. Wageni walishampa Wanza sababu zao za kifo hicho: huyu dhambi, yule mtihani.

"Maalim," akauliza Wanza, "kwa nini Mungu amemchukua?"

Kahawa ikampoa babu yako mkononi. Nikamfinya. "Sema neno, mume wangu, watu wanakungoja!"

Wanza akainama. "Basi ni dhambi yangu."

"Hata!" akasema Maalim. "Sijui kwa nini, mwanangu. Na akwambiaye anajua, muulize kaambiwa lini na Mungu."