Mwanaidi wa Kwenye Mstari

Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nesi Yustina aliegemeza ubao wa kupimia urefu kwenye ukuta wa ghala la korosho la kitongoji cha Nankwale, mbele ya Msimbati, akawaambia watoto wavue kandambili. Watoto walikuwa arobaini, wa rika moja, walioanza kupimwa wakiwa na miaka miwili. Kinamama walijua sababu: kitongoji ambacho watoto wake wangeonekana kuumia kuliko wengine ndicho kingejengewa zahanati.

Mwaka wa pili Yustina alikuta kwa Sabra, mmoja wa kinamama hao, kuna matanga. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa amekufa kwa homa juu ya bodaboda, kabla hawajafika hospitali ya mjini. Yustina ni mtu wa Bukoba, lakini kwao pia mfiwa hapewi fomu ajaze. Alikaa mkekani, akala ubwabwa aliopewa, akaacha pengo kwenye jina la Mwanaidi ili arudi siku nyingine. Kazi zikamzidi, hakurudi. Fomu zilifika mjini, ofisi ya Shangani, kwa Gaudensi, mtaalamu wa takwimu, mtu asiyependa mapengo. Aliyatazama makuzi ya wengine, akachora mstari, akasoma humo urefu ambao Mwanaidi angekuwa nao, akaujaza.

Mwaka wa tatu Mwanaidi alikuja kupimwa. Alipanga foleni nyuma ya mtoto wa jirani, akavua kandambili, akasimama kwenye ubao. Sentimita tisini na nane na nusu, kama mstari ulivyosema.

"Amerefuka," alisema Sabra, aliyemshikia kandambili.

"Amerefuka," Yustina alikubali, akaandika.

Wenzake Mwanaidi walikuwa na miaka yao: korosho zikikubali walinenepa, mihogo ikioza shambani walikonda. Mwanaidi alipanda tu. Ila kingo zake zilikuwa na ukungu, maana Gaudensi aliacha nafasi ya kukosea, sentimita mbili huku na mbili huku, na kadiri miaka ilivyokwenda mbali na kipimo chake cha kweli nafasi hiyo ilipanuka. Sabra alimshonea gauni lenye pindo nene na kiuno cha lastiki, likamtosha. Baada ya kupimwa, mtoto alikaa na mama yake mpaka adhuhuri, kisha akazunguka nyuma ya ghala, na basi tena hadi Agosti nyingine. Saa mbili kwa mwaka si nyingi, lakini wapo wenye wana Dar es Salaam wasiopata hata hizo.

Mwaka wa sita, ambao ripoti ingeandikwa, Sabra alikuja na mwanawe Sudi mgongoni, wa miezi minane, ana homa tangu alfajiri. Yustina alimpa dawa ya kuishusha, kisha akasema lililokuwa likimkera moyoni muda mrefu.

"Mama Mwanaidi, kwenye karatasi zangu hapa Nankwale hajafa mtoto. Zahanati itakwenda kwingine."

"Sasa tufanyeje, sista?"

"Niandike kwamba amefariki. Lakini nikiandika, mstari wake utafutwa, hatakuja tena. Nikiacha, Gaudensi ameshamchorea mpaka miaka kumi na minane."

Sabra alimtazama Mwanaidi, aliyekuwa anampepea mdogo wake kwa kipande cha boksi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa wana walikuwa wawili. Alisubiri mpaka foleni yote ikaisha.

"Nkubwa kishakufa," alisema. "Nnataka huyu ntoto apone. Andika."

Yustina alimpima Mwanaidi kwanza, mia moja na kumi na saba, kisha akaandika amefariki, na tarehe yake. Mwanaidi alivaa kandambili, akaaga, akazunguka ghala. Jioni homa ya Sudi ilishuka.

Ripoti ilitoka Januari. Gaudensi alikuwa na kanuni yake: asiyefika hujazwa, aliyekufa huondolewa kwenye jedwali tangu mwanzo. Ripoti ilisema watoto wote thelathini na tisa waliokamilisha utafiti Nankwale wako hai na wanaendelea vizuri. Zahanati ilijengwa kwingine. Yustina alimpigia simu, na Gaudensi akamweleza kwa upole kwamba ndivyo inavyofanywa kila mahali.

Agosti Yustina alikwenda Nankwale bila ubao, utafiti umekwisha, kwa sababu aliona aibu kutokwenda. Alimkuta Sabra ameketi kando ya ghala, gauni la Mwanaidi mapajani. Sudi alikuwa amelala pembeni yake, anachemka tangu jana, na bodaboda waliyemwita alikuwa bado hajafika. Sabra alikuwa ameshasikia habari za ripoti. Hakulaumu.

"Mwaka huu angefika ngapi?" aliuliza.

Yustina alipiga hesabu kichwani. "Mia moja na ishirini na mbili."

Sabra alipima gauni kwa shubiri, akashika pindo, akaanza kulifumua.