Sauti ya Caren

Tangu lini mhadhiri asiyegawa hata chaki akagawa walkman? Swali hilo lilimnyima Caren raha. Kabla chuo kikuu hakijafungwa kwa sababu ya mgomo, kila aliyeanguka Kiingereza alipewa kimashine hicho na kaseti: usikilize swali, ubonyeze kitufe chekundu, ujibu. Asiyerudisha majibu hafanyi mtihani tena. Wenzake walisema mtego bila chambo haunasi, na serikali imepata chambo kitamu. Caren ndiye aliyeongoza nyimbo za mgomo; polisi waliozirekodi walibakisha tu kupata sauti yake ya kulinganisha. Wiki tatu nyumbani Kaplong alitembea nacho mfukoni, wadogo zake wasikichezee, lakini hakusema neno mbele ya kimashine hicho.

Asubuhi hiyo alikuwa akichuma majani chai alipomwona askari wa chifu, anayehesabu wanafunzi waliorudishwa makwao. Akakizamisha kimashine chini ya majani kikapuni. Askari aliuliza mawili matatu akaenda zake. Caren kugeuka, baba yake, mzee Kipyegon, keshabeba kikapu kwenda kituo cha kuuzia chai.

Caren alifika kituoni akiwa amechelewa. Karani Masese alikuwa amemwaga majani mezani, na walkman imelala wazi mbele ya wakulima wote. Kila mtu pale alijua kwa nini kitu kizito hufichwa chini ya majani: ni kudanganya mizani.

"Mzee Kipyegon, hata wewe?"

Miaka ishirini mzee hakuwahi kurudishiwa hata jani. Caren aliumia kumwona akitazamwa kama mwizi, akasogea mezani.

"Ni yangu, karani. Ni ya kujifunza Kizungu."

"Wenye mawe pia huwa na hadithi. Ongea nayo, ishike sauti, nisikie. Ama niandike jina la mzee."

Masese alivaa nyaya za masikioni, akatangaza alichoulizwa na mwanamke wa kwenye kaseti: jina lako nani, kwenu wapi, baba yako ni nani? Caren alimtazama baba yake, kisha akabonyeza kitufe chekundu. Alijibu yote kwa Kiingereza, pole pole, bila kuficha kitu.

Masese alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Akapima majani.

Mzee Kipyegon alikuwa amesikia jina lake likitajwa kwa Kizungu. Alinyoosha mgongo, akawatazama majirani.

"Bonyeza tena, msichana wangu," alisema. "Sema yote. Hawa wa nyuma hawajasikia."

Caren akabonyeza.