Mgeni Anayekula Usingizi

Jana alasiri, katika nyumba moja ya Njombe mjini, Editha Mgaya aliinama kumvua mwanawe viatu, na kabla hajafungua kamba ya pili usingizi ukamchukua, akaota.

Asilaumiwe. Mama wa mtoto mwenye pumu ya ngozi hulala popote usingizi unapomkuta: kanisani, saluni, hata wima kwenye foleni ya kusaga mahindi. Bintiye Twilumba, wa miaka minne, amekuwa akijikuna tangu angali mchanga, kwenye viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Ukilala naye ni kru, kru, kru, kama panya kwenye gunia. Baba yake, Fidelis, alihamia kwenye kochi sebuleni, akasema ni kwa muda tu. Siku hizi kochi lina umbo la Fidelis.

Baridi ilipoingia, mama mkwe akatuma sweta kutoka Makete, la sufu ya kondoo wake mwenyewe, kalifuma kwa mikono yake. Nesi wa kliniki alilishika akatikisa kichwa. "Sufu inamchokoza huyu. Mvalishe pamba, umpake mafuta ya mgando."

"Nani atamwambia mama?" Fidelis aliuliza. Swali likabaki hapo, na sweta likabaki mwilini mwa mtoto.

Basi, katika ndoto, kuna hodi mlangoni. Editha anafungua. Amesimama mwanamume mwembamba, suti ya kahawia, begi mkononi, kucha ndefu.

"Karibu. Wewe ndiye fundi mwashi? Tulikuita kwa ajili ya choo."

"Hapana, mama. Mimi ni Muwasho. Mwashi anajenga. Mimi nabomoa."

Mgeni ni mgeni. Editha anampa kiti, anamwuliza atakula nini.

"Usihangaike. Mimi nakula usingizi tu. Wa mtoto ni mwepesi, kama uji. Wa baba umechacha kidogo, nadhani ni lile kochi. Wa kwako ndio mtamu. Nimekubakizia kijiko kimoja, usije ukaniona sina adabu."

"Asante kwa kunifikiria," anasema Editha.

Sasa sebule ni kliniki. Nyuma ya meza limeketi kopo la mafuta ya mgando, limevaa kofia ya nesi.

"Huyu amekaa kwenu muda gani?" linauliza kopo.

"Zaidi ya siku mbili."

"Wahenga walisemaje?"

Editha anakumbuka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko pale pale, limeegemea mizani ya kupimia watoto. Anampa.

Muwasho anafurahi mpaka machozi yanamlenga. "Jembe! Kwingine kote wananiachia kucha tu!" Anavua koti, anaanza kulima kiwiko cha Twilumba, matuta yamenyooka vizuri.

"Mama," anasema Twilumba, "nimelimwa."

"Anapanda nini, mwanangu?"

"Viazi."

Kopo linahema. "Methali umeiweka pasipo pake. Mpokonye jembe, kisha mwulize nani alimkaribisha."

Editha analivuta jembe. Muwasho hana ubishi. Anaonyesha kwa ukucha. Mwisho wa meza limeketi sweta, mikono imekunjwa kifuani, na sauti yake ni ya mama mkwe kabisa.

"Nimemkaribisha mimi. Mimi ni zawadi. Zawadi haikataliwi."

Editha anageukia kopo.

"Liambie," kopo linanong'ona.

"Siwezi. Ni mama mkwe."

"Ni sweta."

"Lina sauti ya mama mkwe."

"Na mimi nina sauti ya nesi, mbona unanisikiliza nusunusu?"

Twilumba anakung'uta udongo kiwikoni. "Mama, bibi akijua nawashwa, atanikasirikia?"

Hapo Editha anaelewa. Kumbe mtoto ameubeba mzigo huu pamoja na wao, chini ya sufu, bila kusema. Anasimama wima.

"Shikamoo, mama," analiambia sweta. "Kazi yako ni nzuri, majirani wote wanaisifu. Ila inamuumiza mtoto. Tulikuogopa, tukamwacha aumie."

Kuta za kliniki zinaondoka, na sasa wote wako Makete, kwenye mteremko wa nyasi, kondoo wamejipanga kusikiliza. Mmoja anakohoa. Mama mkwe mwenyewe anatokea katikati yao.

"Linaumiza? Lete nilijaribu."

Analivaa. Kichwa kinapita kwa shida, mabega kwa shida zaidi. Sweta linalia, "Mama, napasuka!" Anasimama humo, mikono imemwishia viwikoni, anatazama mbali. Kisha anakuna shingo. Anakuna tena.

"Eh," anasema. "Eh! Kondoo gani huyu?"

"Mimi sikuulizwa," anasema kondoo.

Muwasho anachukua begi lake. "Basi, nimekosa mwenyeji. Ila nitapitapita kuwasalimu, baridi ikizidi, au mkimwogesha kwa sabuni zenye marashi."

"Njoo tu," kopo linajibu. "Utanikuta mlangoni."

Editha akaamka na kiatu cha mtoto mkononi. Jua lilikuwa bado dirishani. Twilumba, aliyevuliwa sweta kwa ajili ya kuoga, alikuwa amelala mkekani, mikono imetulia ubavuni.

Simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Makete.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Twilumba. Hebu nisaidie, mwanangu. Nilijilaza kidogo tu baada ya chakula, nimeamka shingo inaniwasha kama nimepakwa upupu. Na sijavaa kitu, khanga tu."

Editha akageuka kulitazama sweta kwenye kiti. Shingo yake ilikuwa imepanuka, ingeweza kupitisha kichwa cha mtu mzima.

"Mama," akasema, "kaa kwanza. Nina neno."

Akalisema lote, kuanzia kwa nesi hadi kwenye kochi. Upande wa pili ikasikika kru, kru ya kucha shingoni.

"Mtoto wa watu!" mama mkwe akasema mwishowe. "Nanyi mmekaa kimya kama mmemeza mawe. Mpake mafuta yake, mvalishe hiyo pamba. Sweta lirudishe huku. Nina mwanakondoo hapa amefiwa na mama yake, anatetemeka usiku kucha. Yeye sufu ameizoea."