Sufuria ya Imakulata

Mimi nina mdomo, na kwetu hakuna asiyejua. Jumamosi ile keki ilipokataa kutoka kwenye sufuria, nilisema mpaka majirani wa mtaa wa Cheyo wakazima redio zao wanisikilize vizuri.

Keki ilikuwa ya Siwema, binti wa marehemu mdogo wangu Imakulata. Kesho yake alikuwa anapata kipaimara. Tangu tumzike mama yake mtoto huyu hakuwa ameomba kitu, si gauni, si viatu. Aliomba kimoja tu: keki ya mama, iliyookwa kwenye sufuria ya mama, itoke nzima, aikate mbele ya watu. Nilipanda treni kutoka Igalula kuja Tabora kwa ajili hiyo.

Imakulata alikuwa akiuokea mtaa mzima keki, kwenye jiko la mkaa, na makaa mengine juu ya mfuniko. Sufuria yake ilikuwa nyeusi ndani, ukiigusa inateleza. Aliagiza nta ya nyuki kutoka Ipole, anayeyusha kipande kidogo kwenye mafuta ya alizeti, anapaka kwa kidole, halafu ananyunyizia unga. Keki ikiiva anaigeuza juu ya sinia, nayo inashuka yenyewe. Baada ya hapo sufuria haioni sabuni. Inafutwa kwa kitambaa ingali na joto, inarudishwa kabatini. Akina mama wa jumuiya walimsema sana, maana kwetu mwanamke anapimwa kwa sufuria zake. Zisipong'aa mpaka ujione sura, wewe ni mchafu. Imakulata alikuwa akicheka tu. "Weusi ule ndio kazi yangu ya miaka yote," aliniambia.

Sasa nafungua kabati, naikuta inameta ndani na nje kama imetoka dukani. Nilielewa mara moja. Siku za msiba vyombo vyote vilitolewa uani vikaoshwa, na mtu mwenye bidii yake aliikuta ile nyeusi, akaona aibu kwa niaba ya marehemu, akaisugua kwa majivu na mchanga.

Nikajipa moyo. Nikapaka nta na mafuta kwa kipimo cha Imakulata, kiduchu, nikasahau kwamba kipimo kile kilikuwa cha sufuria iliyokwisha kushiba mafuta. Hii ilikuwa na njaa. Nilipoigeuza, nusu ya keki ilianguka kwenye sinia, nusu ikabaki imeng'ang'ania chini.

Siwema alikuwa amesimama mlangoni. Akaliangalia sinia, akaniangalia mimi.

"Basi, mama mkubwa," alisema. "Tuache tu."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Sikumsikia akilia. Afadhali angelia.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilitoka uani na sufuria mkononi. Mama yetu, Mama Advera, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mchele wa kesho.

"Nani aliisugua hii?" nilimuuliza. "Ni yule Jenifa wa jumuiya? Maana yule akiona doa hapati usingizi. Au ni mawifi zake Imakulata? Nitajie tu, Mama, leo hii namfuata mpaka kwake. Mdogo wangu kahangaika miaka na miaka, mtu anakuja kufuta kila kitu asubuhi moja! Nitamwambia mbele ya mumewe kwamba ametuibia."

Mama aliweka ungo chini.

"Ni mimi, Bertila."

Nikaishusha sufuria.

"Walikuwa ndani wanamwogesha," alisema. "Nikaomba niingie. Wakaniambia, mama, wewe una presha, kaa nje, utatuangukia. Wakanitoa kwa mkono. Mimi nilimwogesha nilipomzaa. Nikamwogesha alipougua surua, hata macho hafungui. Halafu siku ya mwisho naambiwa nikae. Nikaiona sufuria yake pale uani, nyeusi. Nikasema, basi hii nitaiosha mimi. Niliisugua mpaka walipomtoa."

Niliketi palepale kwenye vumbi na gauni langu la safari, hasira yote ikanitoka kwa machozi. Nilimlilia mdogo wangu kuliko nilivyomlilia siku ya kumzika, kwa sababu siku ile nilikuwa jikoni nagombana na wapishi.

Mama hakulia. Alisubiri nimalize, halafu akauliza, "Unga bado upo?"

"Upo."

"Niletee hiyo nta."

Aliyeyusha kipande kikubwa, kipimo chake mwenyewe. Akapaka kwa kiganja, taratibu, chini, pembeni, kwenye ukingo, akarudia tena. Hakuacha mahali. Alikuwa kama mtu anayempaka mafuta mtoto aliyetoka kuogeshwa, na sikuthubutu kumharakisha ingawa makaa yalikuwa yanaisha. Niliongeza mkaa, nikamwita Siwema aje apige mayai. Alikuja kwa sababu sauti ilikuwa ya kwangu na hakutaka ugomvi.

Keki ya pili iliiva jua likizama. Siwema aliigeuza mwenyewe, amefumba macho. Ilishuka. Upande mmoja ilichubuka kidogo, na rangi haikuifikia ya mama yake, lakini ilikuwa nzima. Ndipo mtoto akalia, kwa sauti, kichwa kifuani kwa bibi yake, na keki ikabaki inatoa mvuke pale juu ya sinia bila mtu wa kuitazama.

Siwema alipotulia nilitaka kuichukua sufuria. Mama alikuwa ameshaiweka mapajani, ingali na joto, ndani yake kumeanza kuwa na rangi ya kahawia.

"Kwa hiyo nisiioshe?" aliniuliza.

"Usiioshe, Mama. Ifute tu."

Aliifuta mara moja, ikawa imekwisha. Akaangalia ndani kama kuna mahali pamebaki, hapakuwepo. Akakaa vile, ameipakata, mikono haina kazi.